Kashata amepatikana

Ilazo, Dodoma
24 Agosti 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Tanga. Sisi ni wazima, ila upepo wa Agosti unaujua mwenyewe: unafagia asubuhi, ikifika jioni vumbi limejaa tena hadi kwenye vyombo.

Ile meseji ya kwamba paka wetu Kashata amepatikana ilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa nimechoka mno. Sasa nakuandikia habari yote. Una haki nayo kuliko mtu mwingine, maana ni wewe uliyemtoa soko la Majengo ndani ya boksi la sabuni, mdogo hata maziwa hajui kunywa kwenye kisahani.

Alitoka siku ya mafundi wa dari. Walikuwa wakipitisha mbao mlango wa nyuma, wameuzuia kwa tofali usijifunge, mara mmoja akawasha msumeno wa umeme. Kashata akachomoka kutoka chini ya kabati na kupita katikati ya miguu yao. Paka ambaye tangu aje hajakanyaga nje ya kibaraza, Rehema! Nje anaijua kwa kuitazama dirishani tu.

Nikaita hadi sauti ikakauka. Kimya. Kesho yake kila mtu akawa na lake. Wa bodaboda pale kijiweni alisema kamwona paka wa rangi ile Area D. Mama wa genge akasema nisihangaike, njaa itamrudisha. Watoto wa mtaa, Mungu awabariki, walikimbia hadi korongoni wakarudi wamejaa mbigili. Wote walisema kwa wema, lakini aliyenisaidia hasa ni daktari wa mifugo wa pale dukani tunapompeleka kuchanjwa. Aliniuliza jambo moja tu: huyu paka ni wa kutembea nje au wa ndani? Nikamwambia wa ndani. Akasema, basi yuko karibu sana na nyumba, na hata ukimwita hataitika.

Hilo la kutoitika liliniuma, kisha likanisaidia. Paka aliyezoea nje ana njia zake, anajua ukuta gani anaupanda na mbwa yupi amefungwa. Wa ndani akijikuta nje hana anachokijua. Anaingia uwazi wa kwanza anaouona, anajikunja, ananyamaza. Kunyamaza ndiko kunakomwokoa, kwa sababu akilia mbwa watamsikia. Sauti yako anaisikia, anaijua kabisa, lakini hofu imemshika. Wewe unapita pembeni yake unaita, husikii kitu, unasema hayupo, unaenda kumtafuta mitaa mingine. Usiku ule nilisoma pia habari za utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka waliopotea: katika wale waliopatikana, robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotorokea. Na kilichosaidia zaidi ni watu kuwatafuta kwa miguu na macho yao wenyewe. Mita 500 kwangu hazifiki hata barabara ya lami. Nilipata nguvu upya.

Lakini mtaa wetu wa sasa si ule uliouacha. Viwanja vyote vimejaa, kila mtu anajenga, na kila baada ya nyumba mbili kuna pagala lenye matofali, mbao na mabati yamerundikwa. Huwezi kuzunguka na tochi usiku kwenye kuta za watu bila kuitiwa mwizi. Kwa hiyo nilianza kwa mjumbe, nikamweleza, akanipa kijana wake wa kuongozana naye, na akawapigia simu walinzi wa zile nyumba za jirani. Nakuambia hili kwa sababu watu huliruka, nami naona ndilo lililofungua milango yote. Kumuuliza jirani "umemwona paka?" hakutoshi. Atasema hajamwona, na anasema kweli, kwa kuwa paka mwenyewe amejificha. Unatakiwa umwombe uingie uwani kwake upige magoti uchungulie chini ya tangi la maji, nyuma ya kuni, ndani ya banda la kuku.

Wengi walikubali. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, Mgogo wa hapahapa, alisita kidogo. Mtu na tochi, usiku, anatafuta paka. Unajua yanayosemwa kuhusu paka na usiku, nami sikumlaumu. Nilirudi mchana, nikamwamkia, nikamwambia na "mbukwa" ya Kigogo, akacheka, akanipa kigoda. Nikamwonyesha picha ya Kashata amelala chali kwenye kochi. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema usiku amekuwa akisikia kitu kikiparura mabati kwenye pagala lililopakana naye, alidhani ni panya buku.

Jioni ile tulifagia mlangoni mwa lile pagala hadi ardhi ikawa laini. Vumbi hili tunalolilalamikia lina kazi yake! Asubuhi, kabla upepo haujaamka, nyayo zilikuwepo: ndogo, za mviringo, vidole vinne, bila alama ya kucha. Mbwa huacha alama za kucha, paka hazichomozi anapotembea. Nilisimama pale nikalia, Rehema.

Chakula hatukukiacha hapo usiku kucha. Kuna paka shume mkubwa mwenye sikio lililochanika anayetawala upande ule, na angekuja kula na kumfukuza mwenzake. Nilikaanga dagaa wa Mwanza bila chumvi, nikawafunga kwenye karatasi, nikaenda nao baada ya saa sita, mtaa ukiwa umelala. Tochi daktari aliniambia niishike usawa wa macho yangu, si kiunoni, maana ndivyo mwanga unavyorudi kutoka kwenye macho ya paka na kuyaona. Tulimulika chumba kwa chumba. Kwenye kile kitakachokuwa jiko, nyuma ya rundo la matofali ya bloku, palikuwa na uwazi usiopitisha hata mguu wa mtu, na ndani yake macho mawili ya kijani.

Hakunitambua. Nilitaja jina lake, akarudi nyuma zaidi. Kijana wa mjumbe akaingiza mkono, akakwaruzwa. Nikamwomba atoke, nikazima tochi, nikalala ubavu kwenye saruji, mgongo nimempa yeye, dagaa nimewaweka karibu na kiwiko. Nikawa naongea taratibu yale ninayomwambia kila jioni nikipika: vitunguu vimepanda bei, mama mwenye nyumba kasema hivi. Baridi ilikuwa kali. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri, ndipo nikasikia anatafuna. Alipomaliza akaniegemea mgongoni, na nikahisi anatetemeka mwili mzima. Hata hapo sikumkamata. Nilingoja mpaka akaja mwenyewe upande wa kifua, nikamfunika kwa khanga, nikamtia kwenye tenga la kuku alilotuazima yule bibi. Kumbeba mikononi njiani ni hatari. Jogoo mmoja akiwika, anaruka na unaanza upya.

Nyumbani nilifunga kila mlango kabla ya kufungua tenga, nikampeleka chumbani peke yake na maji na chakula kidogo kidogo. Alikunywa, akala, akaingia chini ya kitanda akalala kutwa. Daktari alikuja jioni. Amekonda, makanyagio ya miguu yamepasuka, ana kupe masikioni, zaidi ya hapo ni mzima. Alifurahi kusikia anakula, kwa sababu paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyekuwa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na inaweza kumuua hata baada ya kupatikana. Asiyekula akirudi apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Amemrudia pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata. Yule kijana tulimwosha mkono palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nikampeleka zahanati mwenyewe. Nilimwambia mama yake kabla hajasikia kwa mwingine.

Sasa mlango wa nyuma una wavu wa pili, na Kashata amevalishwa mkanda shingoni wenye namba yangu ya simu. Haupendi. Kila saa anajaribu kuuvua kwa mguu wa nyuma. Mafundi wa dari bado hawajamaliza, na nimewaambia wakija anafungiwa chumbani, ufunguo nakaa nao mimi.

Ulisema mwalimu mwenzako naye amepotelewa na paka wake wa ndani na amekata tamaa. Namwonea huruma sana. Msomee sehemu ya pagala na ya mjumbe, kisha mwende naye wewe mwenyewe, maana peke yake usiku ataogopa. Muanzie nyumba zinazopakana na yake. Na dagaa wasiwe na chumvi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Bibi wa tenga anakusalimu pia, nimemweleza ni nani aliyemleta Kashata kwetu. Desemba tunakungoja.

Wako akupendaye,
Neema