Karafuu zikiingia nyumbani, tumuulize mtoto amezitoa wapi

Mhariri, Assalaam alaykum.

Nasoma malalamiko mengi juu ya vijana makazini, kwamba wanadokoa na wanapunja. Sikatai. Mimi ni msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Wete na nayaona kwa macho yangu. Ila leo nataka kusema na wazazi wenzangu, kwa kuwa karafuu zimeanza kuiva na watoto wataanza kurudi na makopo ya karafuu.

Mwezi uliopita kijana wetu wa miaka 22 alimpimia fundi kilo tatu za misumari ya inchi nne. Alipima kilo moja moja, misumari imo ndani ya kopo, na uzito wa kopo hakuutoa. Kopo lile tupu linakaribia robo kilo. Nilimwita fundi kabla hajavuka barabara, tukamkamilishia haki yake. Kijana nilipomweka kando hakubisha. Alisema tu, "Bi mkubwa, mbona duka halikupata hasara?"

Neno hilo limenikaa moyoni. Kwake yeye uaminifu ni kutomuibia tajiri. Mteja hayumo.

Na huyu si mtoto asiyesoma. Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, ameihifadhi chuoni, yaani madrasa, kama sote, na ndani yake imo Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaapiza wanaopunja vipimo. Lakini tunaihifadhi tukiwa wadogo, maana hatuijui. Maana inatiwa nyumbani.

Mimi nilitiwa na bibi yangu. Nilikuwa na miaka tisa, nimerudi kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, kopo limejaa, nina furaha. Bibi alizimwaga kwenye ungo, akazipitishia vidole taratibu, akainua kishada kimoja kibichi, konyo lake bado la kijani, na jani juu yake. "Hii imeanguka au imeangushwa?" Nikanyamaza. Karafuu iliyoanguka yenyewe huwa moja moja, haiji na jani. Magharibi ile ile alinishika mkono mpaka kwa mwenye shamba. Mzee yule alizichanganya na zake juu ya jamvi, akasema, "Haya, mwanangu," basi. Sikupewa hata senti. Nililia njia nzima, na bibi hakunibembeleza.

Siku hizi mtoto akija na kopo tunatafuta mnunuzi. Akija na elfu tano tunamtuma sukari. Nani anamwaga kwenye ungo akatazama? Mishahara ni midogo, najua, na mwajiri anayechelewesha malipo naye ana dhambi yake. Lakini fundi wa misumari naye ni maskini vile vile.

Sheria tunazo, hata ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, na ni jambo jema. Ila sheria inamkuta mtu keshakuwa mkubwa, mkono umeshazoea.

Kijana sikumfukuza. Nilikwenda kwao, nikazungumza na mama yake ukumbini, na mama alisikitika kweli. Sasa kila asubuhi kijana anaweka kopo tupu juu ya mizani kwanza, mteja anaona mshale unaposimama, ndipo anatia misumari.

Msimamizi wa duka,
Wete, Pemba