Maumivu ya tumbo ya usiku yasizimwe kwa vidonge vya dukani

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji kwamba tumbo linalochoma chini ya chembe cha moyo usiku wa manane, likatulia kwa kipande cha mkate kisha likarudia kesho yake, huenda lina vidonda, ambavyo mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na mazoea ya kumeza aspirini na diklofenaki, dawa zile zile za kutuliza maumivu ambazo wengi wetu, nami nikiwemo zamani, hukimbilia kuzinunua bila cheti. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Maumivu yakijirudia, nenda kituo cha afya. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likikaza ghafla kama ubao, usingoje kukuche.

Msomaji wenu,
Tanga