Malalamiko kuhusu DVD ya filamu ya mazombi isiyolingana na kasha lake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu DVD ya filamu ya mazombi inayosambazwa na kampuni yenu, ambayo jina lake na tarehe ya ununuzi vinaonekana kwenye nakala ya risiti niliyoiambatanisha. Naomba nirudishiwe fedha zangu, na naomba pia kasha la filamu hiyo lirekebishwe kabla ya nakala nyingine kuuzwa, kwa sababu kilichomo kwenye diski si kile kinachotangazwa nje.

Picha ya mbele ya kasha inaonyesha jiji likiteketea, helikopta zikizunguka juu ya maghorofa, na mwanamke mwenye bunduki akiukabili umati wa mazombi uliojaa barabara nzima. Katika filamu hakuna jiji wala helikopta, na mwanamke huyo hatokei hata mara moja. Hadithi yote inapita katika nyumba moja na kichaka kilicho nyuma yake, na umati wenyewe ni waigizaji wachache wanaorudiwa-rudiwa: zombi mrefu mwenye shati la mistari anapigwa shoka mlangoni na kuanguka, kisha muda si mrefu ndiye huyo huyo anayeingia kwa dirisha la jikoni, amebadilishwa shati, na lile jeraha la bandia limehamia shavu la pili.

Nisingependa ieleweke kwamba nalalamikia uchache wa fedha. Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa filamu za aina hii, na najua baadhi ya zile bora zimetengenezwa kwa bajeti ndogo. George A. Romero alitengeneza Night of the Living Dead, iliyotoka mwaka 1968, kwa takriban dola 114,000 za Marekani. Aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, akatumia sharubati ya chokoleti badala ya damu, na sehemu kubwa ya hadithi akaifungia ndani ya nyumba moja ya shambani. Nyumba ile inatisha hadi leo, kwa kuwa mtazamaji anawaona waliomo wakipigilia mbao milangoni na madirishani huku wakigombana kama watu walioshikwa na hofu ya kweli. Nako Japani, Shinichiro Ueda alitumia takriban yeni milioni 3 kutengeneza One Cut of the Dead ya mwaka 2017, na bado akathubutu kuianza kwa onyesho la dakika 37 lisilokatwa hata mara moja. Kwa hiyo ninapomwona mhusika wa filamu yenu akitoka mbio usiku, na picha inayofuata ikamwonyesha akiwa kwenye jua kali, siwezi kukubali kwamba kilichokosekana ni fedha. Kilichokosekana ni uangalifu.

Hayo ni ya mwongozaji. Yanayowahusu ninyi moja kwa moja, kama wasambazaji, ni hali ya diski, ambayo nimeijaribu kwenye mashine mbili tofauti na matokeo yakawa yale yale. Muziki umepandishwa juu mno kiasi kwamba maneno ya wahusika hayasikiki, na nililazimika kushika rimoti muda wote. Lipo onyesho moja zuri kwelikweli, la mzee anayemchana nywele mkewe aliyekwisha kugeuka zombi, akimsimulia siku yao ya harusi, na mwigizaji yule anaonyesha kipaji kikubwa. Lakini nusu ya maneno yake imemezwa na ngoma. Nilipowasha manukuu ili nisome alichokuwa anasema, nayo yalikuwa yanachelewa, hata swali la mhusika likaandikwa wakati mwenzake amekwisha kulijibu na kutoka chumbani. Isitoshe, kila panapoingia giza picha inavunjika vipande vya mraba, na filamu ya kutisha isiyoonekana gizani imepoteza karibu kila kitu.

Nyuma ya kasha pameandikwa dakika 90, lakini hadithi inaisha kwenye dakika ya 71, na muda uliobaki ni wa majina yanayopanda polepole kisha kurudia upya. Mahojiano na mwongozaji, yaliyotajwa hapo hapo, hayamo kwenye menyu. Niliyatazamia sana, kwa maana onyesho lile la mzee lilinifanya nitamani kujua alikusudia nini.

Naomba fedha zirudishwe kwa njia ile ile niliyolipia, wala si kwa kupewa filamu nyingine. Naomba kasha jipya lioneshe picha zilizomo katika filamu na muda wake halisi, na sauti na manukuu virekebishwe katika nakala zijazo. Diski na kasha lake viko tayari kurejeshwa mara mtakaponielekeza pa kuvituma. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu