Barua kwa mwanangu anayetembeza mbwa wa watu

Mafinga, Jumapili jioni

Mama,

Kamwene. Sisi huku wazima, ila baridi. Ukungu umeshuka tangu saa tisa na hatuoni hata mgomba wa kwa jirani. Mimi na mama yako tumehamia jikoni kwenye moto.

Ujumbe wako mdogo wako alinisomea mara mbili, maana maandishi ya simu yananiumiza macho. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nina maneno mengi, na mengine sitaki yasomwe kwa sauti na mdogo wako.

Tuanze na la kucheka. Mama yako aliposikia kuna watu hapo Gangilonga, Iringa mjini, wanakupa shilingi 5,000 umtembeze mbwa asubuhi, akauliza, "Huyo mbwa haoni njia mwenyewe?" Halafu akakaa kimya anapiga hesabu. Mbwa wanne, siku tano za wiki. Akasema mwambie asiache. Habari ikafika kwa majirani, na watani wetu unawajua. Mhehe, anayesemwa kula mbwa, kukabidhiwa mbwa! Wanasema ni fisi kupewa bucha. Jana mmoja amepita hapa kuniuliza kama wameshaanza kupungua, hao mbwa. Nikamwambia bado tunawanenepesha. Wateja wako nao watakutania hivyo hivyo siku moja, cheka nao tu.

Lakini kazi yenyewe nimeifikiria, nikaona ina akili. Nyumba za Gangilonga na Wilolesi nazijua. Kuna wahadhiri, kuna watu wa misheni na wa miradi, na mwisho wa mwaka kila mtu anakwenda kwao. Wengine wanakwenda Ruaha kutazama tembo, na hifadhini mbwa haruhusiwi kuingia. Mbwa anaachwa na nani? Anaachiwa mlinzi wa getini, na mlinzi hakuajiriwa kwa ajili ya mbwa. Atamtupia ugali wa jana, siku akikumbuka. Najua kwa sababu nilikuwa mlinzi huyo.

Sasa lile uliloniomba. Umesema nikutumie ile barua yangu ya mwaka 1998, uipige picha uwaonyeshe wateja, waone kwamba kwetu uaminifu ni wa kurithi. Siitumi. Keti nikueleze.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 23, kijana wa bustani kwenye nyumba ya meneja mmoja wa shamba la chai huku Mufindi. Walikuwa na mbwa mkubwa, aina ile tunayoita mbwa wa polisi, jina lake Bosi. Pasaka ilipokaribia wakaenda likizo ya wiki tatu, nikaachiwa nyumba, kuku na Bosi. Maagizo yalikuwa mepesi: mpeleke mpaka bwawani kila jioni umrudishe, na usimpeleke kijijini.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa kwenye msimu wake. Jumamosi moja nikasema, kwani kuna nini? Nikamfunga mnyororo, nikashuka naye kilabuni. Sitakudanganya, nilitaka kuonekana. Kijana mwenye mbwa wa namna ile, watu wanakupisha benchi lote. Nikamfunga kwenye shina la mlanzi nyuma ya banda, nikaagiza.

Mbwa yule alikuja kutoka upande wa mto. Koko, mwekundu, mbavu nje. Hakubweka. Alipita katikati ya watu kama mtu aliyetumwa, mate yanamning'inia mpaka chini. Akang'ata mguu wa benchi, akauachia. Akamvaa Bosi sikioni, akamwachia. Kisha akaendelea na njia yake kuelekea kwenye chai. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumeza funda moja. Mzee mmoja akaweka chombo chake chini akasema, "Huyo si mzima." Vijana wakachukua mapanga wakamfuata. Mimi nikamfungua Bosi, nikapanda naye mlima mbio.

Nilimwosha sikio kwa sabuni ya mche mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Kidonda kilikuwa kidogo, manyoya yakakifunika. Wenye nyumba waliporudi wakaniuliza, "Bosi hajambo?" Nikajibu hajambo kabisa.

Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 5. Tabia yake ilikuwa kulala barazani mchana, kichwa juu ya tumbo la Bosi, na Bosi anamlamba masikio. Mimi nafyeka majani huku nawatazama. Nilishasikia kwamba kichaa cha mbwa hakitoki siku ileile, kinaweza kukaa wiki, kinaweza kukaa miezi. Basi nyuma ya kibanda cha kuchemshia maji nikaanza kuchora mistari ya mkaa ukutani, mmoja kila usiku. Siku ya 30 na kitu Bosi akakataa chakula. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikatapika. Kumbe mpishi alikuwa amemshibisha utumbo wa mbuzi.

Nilifika mistari 90, mama. Hakuna kilichotokea. Pengine Bosi alikuwa amechanjwa na kadi yake ilikuwa kwenye droo ya sebuleni, hatua kumi kutoka nilipokuwa nachora. Neno moja tu lingenipa jibu, lakini kuuliza kungekuwa ni kukiri, nami nikanyamaza. Walipohama mwaka 1998 wakaniandikia ile barua, kwamba mwenye barua hii ni mtu wa kuaminika katika nyumba na katika wanyama. Hilo la wanyama waliliongeza wenyewe. Barua hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya pili, na kazi ya pili ndiyo iliyokupeleka shule. Kwa hiyo siwezi kusema naichukia. Ila usiiweke mbele ya mtu anayekupa ufunguo wa nyumba yake.

Mama yako hajui habari hii. Nitamwambia mwenyewe.

Septemba iliyopita bwana mifugo wa kata alikuja kuchanja, karibu na tarehe 28, ambayo ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani. Watu walipoondoka nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani: mbwa aliyechanjwa aking'atwa na mwenye kichaa, anafanywaje? Akasema anaoshwa kidonda na anachanjwa tena upesi, kisha anachungwa. Kwa mbwa ugonjwa mara nyingi hutokea kati ya wiki 3 na miezi 3, mara chache zaidi ya hapo, na mate yake yanaweza kuwa na vijidudu siku kadhaa kabla hujaona dalili yoyote. Nikamkumbuka yule mtoto na masikio yake.

Kwa hiyo kabla hujapokea mbwa yeyote, omba kadi ya chanjo. Usiulize "amechanjwa?", maana kila mtu atakujibu ndiyo. Sema naomba niione, soma tarehe. Chanjo ya kichaa watoto wa mbwa wanapewa wakifika miezi 3, na huku kwetu inarudiwa kila mwaka. Asiye na kadi mwambie utamsindikiza kwa daktari wa mifugo, na kazi ianze baada ya hapo. Ukimpoteza mteja kwa hilo, mwache apotee.

Na wewe mwenyewe ukikwaruzwa au kung'atwa, hata na mbwa unayempenda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inamwokoa mtu. Waambie mapema kwamba unatembeza mbwa, huenda wakakushauri uchanjwe hata kabla hujang'atwa.

Mengine nayajua kwa mikono, hayahitaji bwana mifugo. Siku ya kwanza nenda mwenye mbwa akiwepo. Usimkodolee mbwa macho, wala usimpelekee mkono juu ya kichwa. Chuchumaa kiubavu, mwache aje kukunusa, hata ikichukua nusu saa. Kamba usiizungushe kiganjani, akichomoka kufukuza mbuzi atakuvunja vidole. Toka asubuhi mapema, kabla watoto hawajaingia njiani na mawe yao. Mbwa jike akiwa kwenye joto usimtoe kabisa nje ya geti. Madume ya Kihesa yote yatakusindikiza, na miezi miwili baadaye mwenye mbwa atakuita kukuonyesha vitoto. Rudi umkague kupe masikioni na katikati ya vidole vya miguu.

Njiani mpishe kila mtu. Wapo wanaoogopa mbwa tangu utoto, na usimwambie mtu "hang'ati huyu". Kuna Waislamu ambao mate ya mbwa yakiwagusa wanapaswa kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Ukiona mzee na kanzu yake anakwenda kuswali, vuka barabara wewe na mbwa wako, umsalimie ukiwa ng'ambo. Atakukumbuka kwa wema.

Chakula, mpe kile tu ulichoachiwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwake, hata kama mtoto wa mwenye nyumba atakwambia huwa anampa. Kokwa la parachichi linaweza kumziba, na msimu huu yanaokotwa kila mahali.

Paka umesema unao wawili. Paka usimhamishe, mlishe nyumbani kwake. Asipoonekana siku mbili na chakula kinaisha, yupo.

Nikugombeze kidogo. Mdogo wako alinionyesha statasi yako ya Ijumaa: wewe na mbwa mweupe, geti la watu nyuma yako, na maneno "niko naye mpaka tarehe 20, wenyewe wamesafiri". Mama, hilo ni tangazo la mwizi. Umemtajia nyumba na umempa na tarehe. Ifute leo. Picha za mbwa mtumie mwenye mbwa peke yake, kila jioni, naye atafurahi kuliko hao wote wanaokupigia makofi huko. Funguo usizifunge karatasi yenye jina la nyumba. Weka nyuzi za rangi, na maana ya kila rangi ibaki kichwani mwako. Na usimwingize rafiki humo ndani, hata kunywa maji.

Tangazo lako umeandika "Huduma ya kuaminika ya kutembeza mbwa na kutunza wanyama wa nyumbani". Neno hilo la kuaminika litoe. Hata mimi niliandikiwa. Mahali pake andika utakachofanya: nitakuomba kadi ya chanjo, nitakutumia picha kila jioni, mbwa wako akiumia au akipotea mikononi mwangu nitakupigia simu saa hiyohiyo, kabla hata sijamaliza kumtafuta. Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Najua linatisha, na kuna mtu atalisoma akasema kumbe mbwa wangu anaweza kupotea. Anaweza, ndiyo. Mbwa ana miguu minne na mawazo yake. Pamoja na hayo chukua namba ya daktari wa mifugo wa kila mteja, na mkubaliane mapema nani atalipa mbwa akiugua wao wakiwa mbali na simu haishiki.

Nauliza pia: yule anayekataa kula wenyewe wakiondoka, bado? Jaribu kuomba shuka au shati chafu la mwenye nyumba ulitandike anapolala. Bosi alikuwa hivyo. Siku mbili za kwanza alilala juu ya gumbuti la meneja, ndipo akala.

Kesho kwa Costa ya asubuhi nakutumia mfuko. Kuna maharage, parachichi sita ambazo hazijaiva, na kamba mbili nilizosuka mwenyewe kwa ngozi, ndefu kwa wale mbwa wakubwa. Zipake mafuta kabla hujazitumia, bado ni ngumu. Kondakta nimeshamlipa, asikudai kitu.

Ni mimi baba yako