Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa: Magwanda ya filamu yaandikiwe daftari, yasichomwe

YAH: KUHIFADHI SARE ZA KIJESHI NA SILAHA BANDIA ZILIZOTUMIKA KWENYE FILAMU ZA VITA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mtunza mavazi ya filamu hapa Dar es Salaam. Natafuta nguo za wahusika, nazishonesha, nazichakaza mpaka zionekane zimevaliwa na mtu aliyelala porini, na kazi ikiisha nabaki nazo. Wenzangu wengi hugawa nguo siku ya mwisho ya kushuti, kila mwigizaji akaondoka na yake. Mimi siwezi. Hasa za vita. Chumba kimoja cha nyumba yangu kina mabuti, mikanda, kofia za chuma ambazo si za chuma, na bunduki za mbao zilizopakwa rangi kwa uangalifu ambao fundi wake hakulipwa ipasavyo.

Chumba hicho, Mheshimiwa, sijui kisheria kinaitwaje. Ndiyo sababu nakuandikia.

Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Sina ugomvi na tangazo lile. Jambazi aliyevaa kombati hahitaji kuvunja mlango, maana mwenye nyumba atamfungulia mwenyewe na kumwita afande. Makoti ya mabaka ya majeshi ya Ulaya yalikuwa yanatoka kwenye marobota ya mitumba na kuuzwa mnadani kama jezi. Lazima mtu angesema basi.

Lakini tangazo lile lilipotufikia sisi wa filamu lilikuta hatuna karatasi hata moja inayosema kipi chetu ni halali na kipi si halali, na penye giza la namna hiyo hofu ndiyo huamua. Prodyuza mmoja niliyewahi kufanya naye kazi hakungoja siku ya saba. Jioni ileile aliwaita vijana, wakamwaga masanduku nyuma ya nyumba, wakatia mafuta ya taa.

Naomba nikueleze kilichoungua, maana kwenye simu alisema tu "zile nguo". Zilikuwa kaki za King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, zilizoshonwa Kariakoo kwa ajili ya hadithi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tulitafuta kitambaa cha pamba kizito chenye mistari ya mshazari, kwa sababu kaki ya siku hizi yenye nailoni inang'aa kwenye kamera. Shati la kila mhusika mkuu lilishonwa mara tatu: moja safi la siku ya kuandikishwa, moja la vumbi la safarini, moja la damu. Kola tulizisugua kwa msasa mpaka nyuzi zikachomoza. Makwapani tulipaka maji ya chumvi na kuanika, tukarudia, hadi ukatokea ule mduara mweupe wa jasho lililokauka. Shati la damu lilikuwa na tundu dogo ndani ya bitana, pa kupitishia mrija wa damu ya bandia, na mgongoni lilifungwa kwa vibandiko ili livulike haraka kati ya picha moja na nyingine. Ndani ya kola palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe chenye jina la mhusika na namba ya onyesho, kwa kalamu isiyofutika.

Kikosi kilichovaa kaki za namna hiyo hapa kwetu kiligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles tulipopata uhuru mwaka 1961. Tanganyika Rifles nayo ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Septemba mwaka huohuo ndipo ikazaliwa JWTZ. Hakuna raia wa nchi hii anayeweza kutishwa barabarani na askari wa Mfalme George wa Tano. Bado zilichomwa, na hakuna aliyeagiza zichomwe. Ziliunguzwa na mtu aliyeogopa, na simlaumu.

Nimekisoma kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambacho ndicho kinamzuia raia kuvaa sare ya majeshi yetu bila kibali cha Rais. Kifungu hicho kina dirisha. Kinasema katazo halimhusu anayevaa sare katika mchezo wa kuigiza unaofanyika mahali palipoidhinishwa, wala katika maonyesho ya ukumbi wa muziki, wala ya sarakasi, wala katika onyesho la kweli la kijeshi. Mtu wa sarakasi kakumbukwa, Mheshimiwa. Mtu wa filamu hayumo.

Sababu si chuki. Maneno hayo yana ukoo. Kenya wanayo karibu yaleyale katika kifungu cha 184 cha Kanuni yao ya Adhabu, na chanzo chake ni Sheria ya Sare ya Uingereza ya mwaka 1894. Sinema ya kwanza kuonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio na akina Lumière ilikuwa Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Waliotunga maneno yale hawakuwahi kuona filamu, wasingeweza kuitaja. Sisi ndio tumeyabeba mpaka leo bila kuongeza neno moja.

Mwanasheria ataniambia filamu nayo ni mchezo wa kuigiza, tulia. Nitatulia vipi? Dirisha lile linazungumzia kuvaa wakati wa onyesho. Halisemi chochote juu ya nguo hizo zikiwa kwenye buti ya gari saa tano usiku, tukirudi kutoka lokesheni Bagamoyo, na mtu mwenye tochi anauliza hizi ni za nani. Nimewahi kuulizwa hivyo. Nilikuwa na skripti, nilikuwa na picha za waigizaji kwenye simu, nilikuwa na bunduki ambayo ukiikuna kwa ukucha unaona mbao ya msonobari. Tuliachiwa alfajiri kwa sababu mmoja wa waliotusimamisha alimtambua mwigizaji wetu wa vichekesho. Huo si utaratibu, ni bahati.

Wenzetu wanaoishi kwa kazi hii wana maghala. London ipo nyumba ya mavazi iitwayo Angels, iliyoanza mwaka 1840. Los Angeles ipo Western Costume, tangu 1912. Koti moja la jeshi hukodishwa leo kwa filamu hii, kesho kwa nyingine, miaka na miaka, na kila linaporudi linabaki na kitambulisho chake ndani: jina la nyumba, mara nyingi na jina la mwigizaji na vipimo vyake. Wakusanyaji hununua nguo hizo minadani wakifuata vitambulisho hivyo, na wanaojua kazi hulinganisha doa, kiraka au mshono uliopinda na unaoonekana kwenye filamu yenyewe, kwani kiwandani hutoka mashati mia yanayofanana lakini msasa haukuni mara mbili pahali palepale. Hapa kwetu hata kama angetokea mnunuzi, ningemwonyesha nini? Majivu?

Nigusie jambo moja ambalo wengine watalikwepa. Marekani walikuwa na sheria iliyomruhusu mwigizaji kuvaa sare ya jeshi ikiwa tu uigizaji wake haulivunjii jeshi heshima. Mwaka 1967 kijana aitwaye Daniel Schacht aliigiza mtaani Houston, akiwa amevaa sare, kipande cha kupinga vita vya Vietnam, akahukumiwa miezi sita. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu yake na kuliondoa sharti lile, kwa kuwa liliruhusu kusifu na kukataza kulaumu. Silitaji hili ili kuchokoza. Nalitaja kwa kuwa mkikaa kuandika utaratibu wetu, kuna atakayependekeza sare ziruhusiwe kwa filamu "zenye kulijenga jeshi". Tafadhali msikubali. Filamu ya vita ambayo kila askari ndani yake ni shujaa haiangaliwi hata na askari wenyewe.

Ninachoomba hakihitaji ofisi mpya. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, hakuna anayeshuti filamu bila kibali, na tunapoomba kibali tunapeleka skripti. Basi pamoja na skripti tupeleke orodha ya mavazi na silaha bandia: mangapi, ya jeshi gani, ya enzi gani, yatawekwa wapi kazi ikiisha. Orodha ikigongwa muhuri, nakala ikae kwangu na nyingine ikae jeshini. Kila nguo iwe na kitambulisho kilichoshonewa ndani, chenye namba ya kibali. Anayenisimamisha njiani afungue kola, asome, alinganishe na karatasi. Dakika mbili.

Sare za mtindo wa sasa wa JWTZ ziwe na masharti makali kuliko zote, na hapo nitakuwa upande wa jeshi bila kubembelezwa. Zikodishwe kutoka kwao, ziletwe na msimamizi wao, ziondoke naye jua likizama. Mimi sitaki hata kulala nazo nyumba moja. Lakini sare za majeshi yaliyokwisha, za askari wa Wajerumani, za KAR, za Tanganyika Rifles, na zile tunazobuni wenyewe kwa nchi ambazo hazipo, hizo ziruhusiwe kukaa ghalani kwa mwenye daftari. Silaha bandia zipakwe rangi kali kwenye sehemu isiyoonekana kamerani. Fundi wangu tayari hupaka nyekundu chini ya kitako, bila kuambiwa na mtu.

Uharaka unatoka Kagera, kwenye vita vyetu na Idi Amin wa Uganda. Novemba 1978 Mwalimu alilitangazia taifa kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Kijana aliyekwenda akiwa na miaka ishirini sasa anakaribia sabini. Filamu kubwa juu ya Idi Amin ilitoka mwaka 2006, ikapigwa Uganda kwenyewe, mwigizaji wake mkuu akachukua Oscar, na ni hadithi ya ikulu ya Amin kama alivyoiona daktari wa Kizungu. Ya mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula mpakani kwenda juu, ile ya kwetu, inangoja. Atakapotokea dairekta wa kuipiga, swali lake la kwanza kwangu halitakuwa la bajeti. Atauliza: walivaa nini? Buti gani, begi la mgongoni lilifungwaje, chupa ya maji ilining'inia upande upi?

Leo majibu yanatoka kwenye picha chache za magazeti, ambazo hazina rangi. Kwa Vita vya Kwanza tuna angalau ile sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927. Nimewahi kumpeleka fundi akaizunguka na futi kamba huku wapita njia wanacheka. Sanamu inakupa umbo, ila haikupi rangi ya kitambaa wala mshono wa ndani. Nguo halisi za wapiganaji wa Kagera zilizobaki kwenye masanduku ya familia ni mali ya jeshi, na sisemi nipewe mimi. Nasema zikisalimishwa, kabla hazijaharibiwa, apatikane mtu wa makumbusho wa kuzipima, kuzipiga picha ndani na nje, na kuandika zilitoka kwa nani. Tukishapata vipimo na picha, sisi tutashona zetu.

Mheshimiwa, najua dawati lako lina mengi: hakimiliki, mirabaha, ukumbi wa sanaa ambao tumeahidiwa tangu sijaota mvi. Hili ni dogo kuliko hayo yote na linaweza kumalizwa kwa kikao kimoja kati ya wizara yako, Bodi ya Filamu na watu wa jeshi. Nikiitwa nitakuja na masanduku yangu, yafunguliwe mezani kipande kwa kipande. Kisichotakiwa kibaki hukohuko, nitasaini. Kinachoruhusiwa nirudi nacho kikiwa na namba.

Kuna dairekta amenipigia wiki hii anataka askari wa Vita vya Kwanza. Nimemwambia nina kofia, mikanda na bunduki za mbao. Kaki itabidi tuanze upya, kuanzia kitambaa, na fundi yule wa Kariakoo macho yake si ya zamani. Kabla sijamlipa malipo ya kwanza ningependa kujua kama nitaruhusiwa kuzitunza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza mavazi ya filamu,
Dar es Salaam

Nakala: Bodi ya Filamu Tanzania
Nakala: Makao Makuu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania