Picha ya Kiprop niliyoitoa ukutani

Eldoret,
Novemba 2025

Mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na habari za mtoto kuota meno zimenichangamsha sana. Mbusu kwa niaba yangu. Pale mwishoni umeniuliza kama bado natazama mbio. Uliuliza kwa mstari mmoja tu, lakini swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima.

Unakumbuka mwaka 2011, chuoni, tulivyobanana kwenye ukumbi wa kulia chakula kutazama fainali ya mita 1,500 ya mashindano ya dunia kutoka Daegu, Korea Kusini? Wewe mtoto wa pwani, mbio hukuzijali hata kidogo. Ulimwona Asbel Kiprop amejikalia nyuma ya wenzake, miguu mirefu kama ya korongo, ukaniuliza, “Huyu mbona hana haraka?” Nikakuambia, “Subiri.” Dakika mbili hazikupita ulikuwa umesimama juu ya benchi ukipiga vigelegele. Tangu siku hiyo “subiri” likawa neno letu. Ukipata mtihani mgumu, subiri. Mshahara ukichelewa, subiri.

Nilimpenda Kiprop kwa sababu nyingine pia, na hii sijawahi kukueleza vizuri. Kule kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Baadaye Ramzi akakutwa na pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu, akanyang'anywa dhahabu, akapewa Kiprop. Lakini ile saa ya kusimama juu ya wote, wimbo wa taifa ukipigwa mbele ya uwanja mzima, nani angemrudishia? Nilimlilia kama ndugu yangu aliyeibiwa. Picha yake niliibandika darasani kwangu, na kila mwaka niliwasimulia watoto: huyu aliibiwa, akavumilia, akarudi kuwa bingwa wa dunia mara tatu, 2011, 2013 na 2015.

Kisha mwaka 2018 tukaambiwa kwamba sampuli aliyotoa Iten, ule mji wa mazoezi ya wakimbiaji, mwezi wa Novemba mwaka uliotangulia ilikuwa na EPO, dawa haramu inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alikana, na sijasikia kwamba amewahi kukiri, lakini waliosikiliza kesi hawakumwamini. Aprili 2019 akafungiwa miaka minne. Mwanaisha, wengine walipokamatwa niliumia, lakini huyu alinivunja. Yeye aliyajua maumivu ya kuibiwa kuliko mtu yeyote. Niliitoa ile picha jioni, watoto wakiwa wameshaenda nyumbani. Asubuhi hakuna aliyeuliza. Ukuta ulibaki na alama nne za gundi, na mpaka leo nikiandika ubaoni jicho langu huenda pale.

Jemima Sumgong nitamtaja kwa ufupi kwa sababu bado inauma. Alasiri ile ya Jumapili, Agosti 2016, alipokata utepe Rio na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mama yangu alipiga magoti sebuleni akashukuru Mungu. Haikufika hata mwaka, EPO. Akafungiwa miaka minne, halafu kifungo kikaongezwa kufika minane kwa sababu ya maelezo ya uongo aliyoyatoa kujitetea. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, yeye alikosa vipimo vya pufya akatoa kisingizio cha ajali barabarani na kupeleka picha ya lori lililopinduka. Picha hiyo ilikuwa ya ajali iliyotokea miezi mitatu baada ya siku yenyewe. Mtu anayechukuliwa shujaa, akae chini atafute picha ya lori! Hilo la lori linanichoma kuliko dawa.

Lakini nikujibu swali lako. Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi ile akamtunukia marehemu Kelvin Kiptum, ambaye mwaka mmoja kabla, katika jiji lile lile, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya wanaume, 2:00:35. Majirani walikuwa wanarukaruka. Mimi nilikaa kwenye kiti. Ndani yangu sauti iliniambia, subiri. Neno letu lile lile, Mwanaisha, lakini sasa maana yake ilikuwa nisubiri vipimo. Nililia usiku ule, na mume wangu akadhani ni machozi ya furaha.

Julai mwaka huu akasimamishwa. Sampuli ya Machi ilikuwa na dawa ya kukojoza, iliyokatazwa michezoni, nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati kiwango kinachotakiwa kuripotiwa ni 20. Alisema alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Mwezi uliopita akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago inabaki, maana ilikimbiwa kabla ya sampuli ile. Nilipozisikia habari hizo sikushtuka, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo ndiyo, bado natazama. Ila siku hizi huwatazama zaidi wale wa pili na wa tatu. Boston ya 2014 tulimshangilia Rita Jeptoo, na nyuma yake alikuwapo Bizunesh Deba wa Ethiopia, ambaye sikumwangalia hata mara moja. Deba alikaa zaidi ya miaka miwili, mpaka Jeptoo alipofutiwa ushindi kwa pufya, ndipo akaitwa mshindi. Ningependa siku moja nimwombe radhi.

Nina msichana gredi ya tano ambaye huanza mbio akiwa wa mwisho kila mara. Juzi mwalimu mwenzangu alitaka tumtoe kwenye timu. Nikamwambia asubiri. Raundi ya mwisho mtoto aliwapita saba, peku, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Njoo Desemba kama ulivyoahidi. Nitakupeleka Iten alfajiri uwaone wakipita barabarani, mamia, wengi wao hawajulikani na mtu. Usisahau sweta.

Wako daima,
Jeruto