Msifute vipimo vinavyowakera: barua kwa wanangu wa maabara

Wanangu mnaosoma mikrobiolojia,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Nawaandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Majuzi nilialikwa kusikiliza wanafunzi wa uzamili wakiwasilisha kazi zao. Kijana mmoja, mwerevu na mwenye mkono mzuri wa maabara, alikuwa ameotesha bakteria aliowatoa kwenye maji taka ya kiwanda cha sukari, akawalisha molasi. Mchoro wake wa ukuaji ulipanda laini, vile vile unavyochorwa vitabuni. Nikaomba daftari lake. Humo nikakuta vipimo ambavyo ukutani havikuonyeshwa: katikati ya safari bakteria walikoma kuongezeka karibu saa nzima, kisha wakaanza tena. Vyote vilikuwa vimekatwa kwa kalamu. Nilipomuuliza, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, niliambiwa nivitoe, vinaharibu mchoro."

Vinaharibu mchoro! Hivi mnajua ni kitu gani kilichokatwa pale?

Mwaka 1940, Paris ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, mwanasayansi Mfaransa Jacques Monod alikuwa akitayarisha tasnifu yake juu ya ukuaji wa bakteria. Alipowapa sukari mbili kwa pamoja, wakati mwingine alipata mstari mmoja unaopanda, na wakati mwingine mipando miwili yenye kituo katikati. Angeweza kusema kifaa kimekosea. Desemba ya mwaka huo aliyapeleka matokeo hayo kwa André Lwoff katika Taasisi ya Pasteur. Lwoff akamwambia huenda jambo hilo linahusiana na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemia ndani ya seli, vinavyotokea kulingana na chakula kilichopo. Monod hakuwahi hata kusikia habari za vimeng'enya hivyo. Akaenda kuzisoma, na maisha yake yote ya utafiti yakafuata njia hiyo.

Leo tunajua kinachotokea kwenye kile kituo. Mpe E. coli, bakteria wa utumboni, glukosi na laktosi, ile sukari ya maziwa: atamaliza glukosi kwanza. Glukosi ikiwepo, laktosi inazuiwa hata kuingia ndani ya seli. Glukosi ikiisha, bakteria anasimama ili atengeneze vimeng'enya vya kuvunja laktosi, maana jeni zake zilikuwa zimefungwa. François Jacob, aliyetaka kuwa daktari wa upasuaji hadi alipojeruhiwa vibaya vitani Normandy mwaka 1944, alikuja kuungana na Monod. Mwaka 1961 wakaeleza kwamba ipo jeni ambayo kazi yake ni kutengeneza kizuizi kinachozifunga jeni nyingine. Laktosi inapoingia, sehemu yake hugeuzwa kidogo, hukishika kizuizi, nacho huachia. Mwaka 1965 wao na Lwoff wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, huko Harvard, wakakinasa kizuizi chenyewe: ni protini, na katika seli moja zimo kama kumi tu. Tazameni umbali huo! Zaidi ya miaka 25 ya kazi, na mlango wake ulikuwa vipimo kama vile kijana wetu alivyoagizwa kuvikata. Kufuta kipimo kwa kuwa kimekukera ni kumfukuza mgeni kabla hajasema alichotumwa.

Na msidhani ushahidi ukishakubalika kwa wakubwa basi shughuli imekwisha. Baada ya Jacob na Monod, wengi waliamini kila jeni ya bakteria inaongozwa kwa kufungwa. Ellis Englesberg, aliyechunguza namna E. coli anavyotumia sukari iitwayo arabinosi, akaona kinyume: pale kuna protini inayowasha jeni. Alipingwa kwa miaka. Hakuzikunja namba zake zifanane na za washindi wa Nobel, na ikathibitika kwamba alikuwa sahihi.

Mengine nayataja tu. Andikeni daftari kwa wino, na tarehe kila siku. Hifadhini bakteria wenu kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, na nakala iwe kwenye friza nyingine, maana umeme wetu mnaujua. Someni makala asilia, msiishie kwenye muhtasari. Muulizeni mtu wa takwimu kabla ya jaribio. Mheshimuni fundi wa maabara. Laleni.

Lakini sitawabebesha vijana mzigo wote. Aliyemwambia yule mtoto akate vipimo ni mtu mzima mwenye shahada, aliyesaini bila kukaa na daftari hata jioni moja. Tumejenga vyuo ambamo mtu hupandishwa cheo kwa wingi wa makala, na hakuna anayeuliza kama data ghafi zipo. Mwanafunzi anapewa miezi michache, vitendanishi, zile kemikali za majaribio, vinachelewa bandarini, kisha tunamdai matokeo yanayopendeza. Akiyapamba, tunajifanya kushangaa.

Na wapo viongozi wanaouliza bakteria na sukari zitamsaidia nini mkulima. Waambieni kuhusu kipindupindu. Vibrio cholerae, bakteria wa ugonjwa huo, akiwa ziwani hana haja ya sumu yake. Akifika utumboni mwa mtu, protini iitwayo ToxR husaidia kuamsha jeni za kuitengeneza. Waambieni kuhusu antibiotiki iitwayo tetrasaiklini: baadhi ya bakteria sugu hubeba pampu ya kuitema, nayo hubaki imefungwa na kizuizi mpaka dawa yenyewe iingie na kukiondoa. Somo ni lile lile la Monod, na linatuhusu kila mvua kubwa inapofurisha vyoo Dar es Salaam na Kisumu.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Najua namna moyo unavyozama mchoro unapokataa kunyooka wiki moja kabla ya kuwasilisha. Mkiwa na hofu hiyo, njooni kwetu wazee mtupigie hodi, hata usiku.

Nawe kijana wa molasi, sikutaji jina. Virudishe vile vipimo. Molasi ina sukrosi, glukosi na fruktosi, kwa hiyo anza upya na sukari safi, mbili mbili. Punguza glukosi iwe nusu, kisha iwe robo, sukari nyingine usiiguse, upime kila baada ya dakika kumi. Kama kile kituo kinakuja mapema kadiri glukosi inavyopungua, na mpando wa kwanza unafupika kwa kiasi hicho hicho, umekiona kitu cha kweli. Kama kinabaki pale pale, kagua joto la inkubeta na hewa kwenye chupa zako. Matokeo yoyote utakayopata, yaweke yote kwenye tasnifu, na msimamizi wako akigoma kusaini, nitafute. Tutakwenda wote ofisini kwake, daftari likiwa mkononi.

Mwalimu wenu mstaafu